Vifuko Vidogo na Kikombe cha Mama

Ujumbe wa sauti wa mdogo wangu ulikuwa wa dakika nne na kidogo. Niliusikiliza mara ya kwanza nikiwa nyuma ya darasa la sita, mgongo ukutani, kwa sababu pale ndipo mtandao unaposhika vizuri shuleni kwetu. Mara ya pili niliusikiliza njiani nikirudi nyumbani, mara ya tatu jikoni nikimenya viazi. Nikaendelea hivyo mpaka nikaweza kuyasema maneno yake kabla hajayasema, na bado sikuwa nimeelewa. Sikumwambia mtu kwamba sijaelewa. Mimi ni mwalimu wa sayansi.

Mdogo wangu anafanya kazi maabara, Dar es Salaam. Nilikuwa nimemuuliza swali moja tu, tena kwa hasira: uvimbe wa mama uko kwenye titi, hauzidi ukubwa wa punje ya harage, iweje daktari atake apigwe picha ya mapafu na ini kabla hajamfanyia upasuaji? Titi na ini wapi na wapi? Yeye badala ya kunijibu kwa sentensi moja akanipa somo zima. Alisema seli za mwili hutoa vifuko vidogo mno, ambavyo hata ile darubini ya shule yetu isingeviona, na vinaitwa eksosomu. Kila seli huvitoa, ya mgonjwa na ya mzima. Ndani yake mna protini na maagizo, na kwa vifuko hivyo seli moja huiambia nyingine la kufanya. Seli za saratani nazo huvitoa, tena kwa wingi. Vingine vinabaki palepale na kuusaidia uvimbe ukue. Vingine vinasafiri na damu, vinafika kwenye pafu, ini au mfupa kabla saratani yenyewe haijafika, vinapaandaa. Vinasababisha mishipa ya damu iote, vinailaza kinga ya mwili, ili seli ya saratani ikija huko ipokelewe vizuri.

Nilikuwa bado namfuata, kwa kuchechemea. Kisha mwishoni akaongeza harakaharaka, sauti ya mtu anayeitwa na wenzake: "Na vinapatikana kote, dada. Kwenye damu, kwenye mate, kwenye mkojo, mpaka kwenye maziwa ya mama. Ndiyo maana watafiti wanavifurahia." Ujumbe ukaishia hapo.

Kwenye mate. Hapo ndipo niliposimama, na sikutoka tena.

Nyumbani kwetu, juu kidogo ya Mlalo, tulikuwa watatu: mama, mimi na binti yangu, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Mume wangu anafanya kazi Tanga na huja mwisho wa mwezi. Tulikula sinia moja. Binti yangu alikuwa na meno machache na uvivu mwingi, kwa hiyo mama alimtafunia nyama na mahindi ya kuchoma, akamtilia mdomoni kwa kidole. Mimi nililelewa hivyohivyo, na mama mwenyewe alilelewa hivyohivyo. Maji walinywea kikombe kimoja cha bati, cha kijani, kilichobanduka rangi mdomoni. Bibi akinywa, mjukuu anadai. Mjukuu akinywa, bibi anamalizia.

Nilikaa jikoni nikawatazama, na kichwani mwangu vile vifuko vilikuwa vinahama. Nilijaribu kukumbuka nilichofundishwa chuoni. Nilijua saratani haiambukizi, hata wanafunzi wangu wanajua, imo kwenye kitabu. Lakini kitabu hakikutaja vifuko. Na kama kifuko kinaweza kutoka kwenye titi kikaenda kuandaa mahali kwenye ini, na kikifika hata kwenye mate, kitashindwa nini kwenda kuandaa mahali kwenye tumbo la mtoto wa miaka miwili? Nilijiona nimegundua jambo ambalo madaktari wamelificha. Mtu anayejua kidogo ni hatari, na mimi nilikuwa nimejua kidogo hasa.

Jioni ile nikachukua uzi mwekundu kwenye kasha la cherehani, nikaufunga kwenye mkono wa kile kikombe cha kijani. Nikamtengea mama sahani yake. Nikasema daktari ameagiza ale peke yake ili tujue amekula kiasi gani. Mama akaitika. Binti yangu alipokinyooshea mkono kikombe, nikamchapa kidogo kwenye kiganja. "Hicho cha bibi. Hakiguswi." Siku ile nilimchapa mara tatu au nne, maana alikuwa mbishi, na kila mara nilisema maneno yaleyale.

Mama aliniuliza kuhusu ugonjwa wake keshoye tukiwa kitaluni, tunang'oa miche ya kabichi ya kuhamishia shambani. Nikamweleza vifuko, ila habari ya mate nikairuka. Nilieleza vibaya. Nilirudi nyuma, nikajikanyaga, nikatumia neno protini mbele ya mwanamke aliyeishia darasa la nne. Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea na miche, halafu akasema:

"Kumbe kama sisi na Mnazi."

Sisi, kama watu wengi wa huku, tuna shamba la juu na shamba la chini. Juu ni baridi, tunalima viazi na kabichi. Chini, Mnazi, ni joto, tunalima mahindi na kunde. Msimu ukikaribia haendi mtu na mbegu moja kwa moja. Anatangulia mmoja na jembe na panga, anafyeka, anachoma takataka, anakarabati kibanda, anaangalia maji yako wapi. Wengine wanafuata baadaye na mbegu. Mama ndiye aliyekuwa anatangulia tangu baba alipofariki.

"Ndiyo, mama," nikasema, "kama Mnazi." Niliudhika. Nilikuwa nimehangaika na jambo lile siku mbili, yeye kalimaliza kwa neno moja, na mikono ina udongo.

"Sasa wakinikata huku juu," akauliza, "yule aliyekwisha kutangulia kule chini atafanya nini?"

Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba hayo ni ya madaktari, tumalize miche jua halijawa kali. Hakuuliza tena.

Siku iliyofuata jirani yetu akaleta maziwa ya mgando kwenye bakuli lake la udongo lenye ua la buluu. Ni mama wa makamo, yeye na mama wamesuhubiana tangu mimi sijazaliwa, na bakuli lile limepita kati ya nyumba zetu mbili mara zisizohesabika. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Unatia chochote, matunda damu manne, kipande cha boga, hata chumvi ukikosa kabisa. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenyewe asilete tena, na hakuna haja ya kuongeza neno.

Mama akapika makande. Alionja kwa mwiko, akarudisha mwiko chunguni, akaonja tena. Nilihesabu mara ngapi. Akajaza bakuli, akalifunika kwa jani la mgomba, akaniambia nipeleke yakiwa ya moto.

Kutoka kwetu hadi kwa jirani ni kushuka kidogo kupita migomba. Katikati ya migomba nikasimama. Kwa jirani kuna wajukuu wanne. Nikafikiria mate, nikafikiria mwiko, nikayamwaga makande chini ya mgomba. Punje za mahindi zilikuwa bado zinatoa mvuke. Nikalifuta bakuli kwa ukingo wa kanga yangu. Nia yangu ilikuwa nitafute kitu cha kutia, lakini msimu wa matunda ulikuwa umepita, na kurudi nyumbani kuchukua viazi kungemfanya mama aulize. Nilichanganyikiwa. Miguu ikaendelea yenyewe.

"Shikamoo, mama. Bakuli lako. Hongea," nikamshukuru kwa lugha yetu.

"Marahaba," akasema jirani. Alitazama ndani ya bakuli, akanitazama mimi, akatazama tena ndani. Mimi nikawa nimeshageuka.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Kesho yake asubuhi, nikiwa shuleni, jirani alipanda kwetu, akasalimia "Onga maundo" na kugoma kukaa. Akamuuliza mama, "Dada, nimekukosea nini?" Mama naye akauliza kwani makande hayakuwa na chumvi. Makande gani? Wakatazamana. Mama akampeleka jikoni akamwonyesha kikombe chenye uzi na sahani yake iliyowekwa rafu ya peke yake, na wanawake wale wawili ambao hawajui eksosomu ni nini wakaelewa kila kitu nilichokuwa nimekifanya.

Niliporudi saa tisa nilimkuta mama amefunga mzigo. Jembe, blanketi, sufuria ndogo, na kikombe cha kijani kimefungwa nje ya mzigo, uzi mwekundu unaning'inia. Akasema anashuka Mnazi, kunde zimeanza kukauka na asipokuwepo zitapasuka zote. Nikamkumbusha hospitali. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Akasema anajua kuhesabu. Binti yangu alimkimbilia akashika miguu, na mama hakumbeba. Alimtoa taratibu, kidole kimoja kimoja, akaondoka.

Nitasema ukweli, maana sioni faida ya kuandika kama nitaficha hili. Nilipomwona anapotea kwenye kona ya barabara nilihisi nafuu. Nikachemsha maji, nikaosha vyombo vyote kwa sabuni mara mbili, na usiku ule nikalala vizuri.

Siku ya tatu simu yake haikupatikana. Siku ya tano pia. Nilijiambia ni mtandao wa chini. Siku ya saba nilimkuta jirani bombani, nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Alipojaza ndoo yake akasema, "Mama yako hatarudi, mwalimu. Aliniambia siku ile anaondoka kwamba hataki kuwaletea watoto maradhi. Amesema hata hospitali haendi, kwa sababu yule wa kutangulia ameshafika, sasa akatwe nini?"

Ndoo yangu ilijaa ikamwagika miguuni na mimi nimesimama tu.

Nilimpigia mdogo wangu palepale, kwa kelele, watu wa bombani wakinisikiliza.

"Si wewe uliyesema viko kwenye mate?"

"Viko, dada. Kwenye mate yako pia. Hata yangu."

"Sasa mtoto akinywea kikombe cha mama?"

Kisha akauliza polepole, "Dada, umefanya nini?"

Nilipomaliza kumweleza alinikasirikia kuliko alivyowahi kunikasirikia tangu azaliwe. Alisema saratani ya mama ni ya mama, hakuna anayeipata kwa kikombe wala mwiko. Watafiti wanavifurahia vifuko vya kwenye mate kwa sababu wanatumaini siku moja wataupima ugonjwa bila kumchoma mtu sindano, basi. "Ungesema!" nikamwambia. "Ungeuliza!" akaniambia. Wote wawili tulikuwa sahihi na haikusaidia kitu. Akauliza siku ya upasuaji ni lini. Nikasema Jumatatu. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Mtoto sikuwa na wa kumwachia ila jirani, na nilishuka mpaka mlangoni kwake nikiwa sina uso. Alimpokea mtoto. Nilipogeuka akaniita, akaingia ndani, akatoka na lile bakuli la ua la buluu limejaa viazi vitamu vya kuchemsha. "Mpelekee dada yangu," akasema. "Hivi vifike."

Mnazi jua lilikuwa kali na ardhi inaunguza kupitia kandambili. Nilimkuta mama kwenye kivuli cha kibanda anapura kunde kwa fimbo. Alikuwa amekonda, na mkono wa upande ule wenye uvimbe alikuwa haunyanyui vizuri. Nikamwamkia. Akaitikia, na kabla sijakaribia akanyoosha mkono mwingine akakisogeza kikombe chake nyuma ya mgongo.

"Kaa hapo hapo kwenye kinu," akasema. "Maji yako kwenye ndoo, kata ile ni safi, sijainywea."

Nilishindwa kukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, habari ya makande, ya mate, ya mdogo wangu, huku nalia, na bakuli la viazi nimelikumbatia.

"Juzi inaambukiza, leo haiambukizi," mama akasema. "Sayansi yenu inageuka kwa siku za gulio?"

"Sayansi haikugeuka, mama. Ni mimi sikuelewa."

"Na sasa umeelewa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ulishafika. "Hapana," nikasema. "Nimeelewa hilo moja tu, kwamba huwezi kutuambukiza."

"Na wakinikata, yule aliyetangulia?"

"Sijui. Wanasema wakikata wanamwondoa anayewatuma. Dawa za baadaye ni za kuwatafuta waliokwenda, kama wapo. Hawajui kama wapo. Hakuna anayejua, mama. Mimi ndiyo kabisa."

Aliacha kupura. Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema sijui, si kwake, si kwa mtu yeyote. Mimi mwenyewe nilijishangaa. Nikazunguka nyuma yake, nikakichukua kile kikombe, kilikuwa na maji kidogo ya vuguvugu, nikanywa. Alijaribu kuninyang'anya lakini mkono wake mbovu ukachelewa. Akanitazama kwa hasira, kisha midomo ikaanza kumcheza, na sikujua kama anataka kucheka au kunitukana.

"Weka hilo bakuli kivulini," akasema hatimaye. "Halafu shika fimbo. Lile la watu haliwezi kurudi bila kunde."

Tulikula viazi vya jirani kwa bakuli lile lile, tukapura mpaka alasiri. Jumamosi tulipanda kurudi nyumbani, na bakuli likarudi kwa mwenyewe limejaa mpaka juu. Mama ndiye aliyelishika mkononi njia nzima.

Jumatatu upasuaji ulifanyika. Walitoa titi na matezi ya kwapani. Baadaye akapewa dawa zilizomnyonyoa nywele na kumfanya achukie harufu ya vitunguu. Picha ya mapafu ilikuwa safi. Kwenye ini, daktari alisema kuna kitu kidogo ambacho huenda si kitu, kitaangaliwa tena. Nilimuuliza maana ya huenda si kitu. Akasema maana yake ndiyo hiyo. Mama alinigusa mkono nisiulize zaidi, na njiani akaniambia, "Msimu haujafika. Tutajua zikiota."

Siku tuliyorudi nyumbani nilichukua wembe nikaukata ule uzi mwekundu mbele yake, nikautupa motoni. Sahani yake nikairudisha kwenye rafu ya wote, tukala sinia moja. Asubuhi nikakuta kikombe kina uzi mwingine, mweusi, umechomolewa kwenye pindo la kanga yake. Nikaukata. Siku ya pili ulikuwepo mwingine. Nilimuuliza, akasema, "Nakitambua kwa urahisi hivyo, macho yangu si mazuri." Mama anaona mdudu kwenye jani la kabichi kutoka upande wa pili wa tuta. Sijui kama ni kuogopa bado kumebaki, au ananikumbusha, au ni mazoea tu. Nimeacha kukata.

Binti yangu sasa anakaribia miaka mitatu, ana meno yote na anasema kila kitu. Juzi nilirudi kutoka shambani na kiu, nikamwomba aniletee maji. Nilimwona kutoka mlangoni anafika kwenye rafu, anakinyooshea mkono kikombe cha kijani, kisha anasita. Mama alikuwa pale pale jikoni anachambua mboga ya mshunga.

"Hicho cha bibi," binti yangu akajisemea. "Hakiguswi." Akajichapa kiganja, polepole, akaniletea maji kwa glasi.